Kubadilisha Jina la Faili Hakufungui Picha

"Fundi, nimenunua kamera mpya, picha zake za RAW hazifunguki. Nipe programu kali kuliko zote." Swali hilo hapa Rohero, Bujumbura, nimelijibu hadi sauti imekauka. Muulizaji huwa ameshajitibu kabla ya kufika: kwa ushauri wa rafiki, amebadilisha herufi za mwisho wa jina la faili, CR3 ikawa CR2, au JPG kabisa. Faili imegoma, na lawama zote ni za kamera.

Ukibandika lebo ya Primus kwenye chupa ya mawese, hujapata bia. Kama huniamini, fungua faili hiyo kwa Notepad. Utaona vurugu ya alama, lakini mwanzoni kabisa zimo herufi "ftypcrx". Hiyo ni CR3, muundo ambao Canon iliuanzisha mwaka 2018 na EOS M50. Kwa ujenzi wake ni ndugu wa video za MP4. CR2 huanza na "II*" kwa kuwa imejengwa juu ya TIFF. Badilisha jina mara mia, kisha tazama tena: "ftypcrx" iko palepale.

"Mbona kwangu ilifunguka?" Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Faili ya RAW hubeba ndani yake JPEG ambayo kamera imeitengeneza ili uitazame kwenye kioo cha nyuma. Baadhi ya programu za kutazamia picha hukuchomolea JPEG hiyo, nawe unashangilia kwamba umefungua RAW. Hujafungua kitu. Chukua bibi harusi anayetoka kanisa kuu la Regina Mundi saa saba mchana, shela nyeupe, jua la utosi. Katika JPEG kila rangi ina ngazi 256 tu za mwanga: mikunjo ya shela imeungua ikawa weupe mtupu, na uso wa bwana harusi umezama kivulini. Ukijaribu kuung'arisha, unaota mabaka. Faili ya RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na mara nyingi mikunjo ile bado imo, inasubiri kuvutwa. Kama unaridhika na JPEG, piga JPEG tangu mwanzo, uokoe nafasi kwenye kadi.

Ugonjwa wenyewe ni umri wa programu. Lightroom inayopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi mara nyingi ni ile ya 6, ya mwaka 2015, ambayo masasisho yake yalikoma Desemba 2017. Canon R50 ilitoka 2023, itaijulia wapi? Jirani yako mwenye 1300D ya 2016 haoni shida kwa sababu kamera yake ilikuwapo kabla mlango haujafungwa. Tena 2000D ya 2018, ambayo hutoa CR2 halali kabisa, nayo hugoma kwenye Lightroom hiyo hiyo. Basi tuachane na habari za herufi.

Sasa dawa, haraka haraka. Unaipenda Lightroom yako ya zamani? Adobe DNG Converter ni bure: itageuza CR3 kuwa DNG, muundo ambao Lightroom hiyo inaujua. Kwenye mipangilio yake chagua ulinganifu na Camera Raw ya zamani, na faili za asili usizifute. Unaanza tu? Tumia programu ya kampuni iliyotengeneza kamera yako: Digital Photo Professional ya Canon, NX Studio ya Nikon, Imaging Edge ya Sony. Zote ni bure, rangi zinafuata za kamera, ila mwendo ni wa kobe. Unafanya kazi za harusi na huna dola? darktable au RawTherapee. Hazidai senti, na leseni zake zinaruhusu kumgawia mwenzako kwa flashi, jambo la maana kwa bei zetu za intaneti. darktable itakutoa jasho mwanzoni na hupenda kompyuta yenye nguvu. Chukua toleo jipya, maana yaliyo chini ya 3.8 hayasomi CR3. Lightroom ya sasa ni nzuri, lakini hulipiwa kila mwezi, na kwa Bujumbura ya leo kupata kadi yenye dola ni kazi ya pili. Capture One ni ya wenye studio. Wewe wa harusi iache kwanza.

Na wewe ambaye bado hujanunua: kila programu hutoa orodha ya kamera inazozitambua. Tafuta jina la kamera yako humo kabla hujatoa pesa.