Telefone imekuja na Kijapani: tulifanya namna gani?

Mama mumoja mutunza-feza wa shirika moja hapa pembeni ya Fungurume alituletea telefone yake. Kioo kizima, batri nguvu, na alikuwa ameinunua sokoni kwa bei ya chini. Lakini maandishi yote ni ya Kijapani.

Siku ya kulipa mbegu alipiga *1122# ya M-Pesa. Menyu ikatokea kwa Kifaransa vizuri, kwa sababu inatoka kwa rezo, haitoke ndani ya telefone. Shida ni vifungo viwili vya chini, ambavyo ni vya telefone yenyewe. キャンセル inakatisha, 送信 inatuma. Mama alifinya cha kukatisha mara tatu, muuzishaji anangoja, na memba wako nyuma yake wanauliza mbegu iko wapi.

Tulifungua alama ya gurudumu lenye meno, kama lile linalovuta shene ya kinga. Chini yake kumeandikwa 設定. Tukashuka mpaka mwisho, kwenye システム, na ndani yake tukatafuta 言語と入力. Hata sisi hatujue kusoma herufi zile. Tulizilinganisha kwa macho tu, moja kwa moja. Pale 言語 ni "lugha". Tukafinya musitari wenye alama ya +, orodha ikafunguka, kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe. Ile unayochagua unaivuta mpaka juu ya 日本語, maana lugha ya kwanza njo inayotawala telefone.

Tulitafuta Français, tukatafuta Kiswahili: hakuna! Telefone nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani peke yake ziko na lugha mbili tu, Kijapani na Kiingereza. Basi, Kiingereza. Mama akacheka, akasema hicho nacho hakijue. Lakini herufi zake anazijua, mifuko ya bunga ya Zambia imemuzoesha. Send na Cancel alizishika palepale, na mbegu ikalipwa kabla ya jua kuzama.

Kuna mafundi watakaokuambia "tufute yote, tuanze upya". Kataa. Kwanza, picha za daftari la shirika zinapotea. Pili, Android za tangu 2015 zikifutwa kwa nguvu zinaweza kudai konti ya Google ya mwenye telefone wa zamani, na huyo utamutoa wapi? Tena, kufuta hakuongeze Kifaransa.

Na mbele ya kulipa muuzishaji, tia karte yako ndani na upige mutu. Telefone nyingi zilizouzwa Japani mbele ya Oktoba 2021 zilifungiwa rezo moja ya kule. Kubadilisha lugha hakufungue hiyo.

Jambo la mwisho: ukipiga picha ya viwavi kwenye mahindi, inaweza kutoa mulio, hata kama umezima sauti. Haijaharibika. Telefone nyingi za Japani ziko vile.