Dume au Jike: Hesabu ya Jinsia kwa Ndege Wanaolea Pamoja

Kwa ndege, jinsia ya kinda huamuliwa na mama. Dume ana kromosomu mbili zinazofanana, Z na Z. Jike ana Z na W. Mbegu zote za dume hubeba Z, kwa hiyo yai lenye W litaangua jike na lenye Z litaangua dume. Kwa binadamu mambo ni kinyume, kwani baba ndiye mwenye mbegu za aina mbili. Kama kuna kundi la wanyama ambalo mama angeweza kuchagua atazaa nini, ndege wana nafasi nzuri zaidi.

Uchaguzi huo una uzito wa pekee kwa ndege wanaolea pamoja, yaani wale ambao watoto waliokwisha kukua hubaki nyumbani na kuwalisha wadogo zao. Kusini mwa Kongo ndege hao si wageni. Eneo la miombo la Haut-Katanga, pamoja na nchi ya migodi ya shaba na kobalti kati ya Likasi na Kakanda, limo katika makazi ya spishi tatu maarufu: mla nyuki mwenye paji jeupe (Merops bullockoides), anayechimba kiota katika kingo za udongo zilizosimama wima, mdiria mweusi na mweupe (Ceryle rudis), na goregore wa kijani (Phoeniculus purpureus), anayelala na jamaa zake ndani ya tundu la mti. Wote watatu wamechunguzwa kwa miaka mingi nchini Kenya.

Msingi wa nadharia uliwekwa na Mwingereza Ronald Fisher mwaka 1930. Majike wakizidi, kila dume hupata wenzi wengi, na mzazi wa madume hupata wajukuu wengi. Madume wakizidi, faida hugeuka upande wa pili. Hivyo uteuzi wa asili huwasukuma wazazi kugawa nguvu zao sawasawa kati ya jinsia mbili. Neno la kuzingatia ni nguvu, si idadi: jinsia iliyo nafuu kuilea inaweza kuzaliwa kwa wingi zaidi. Mwaka 1986 Stephen Emlen na wenzake wawili waliongeza hoja. Kinda atakayebaki kusaidia hulipa sehemu ya gharama ya malezi yake, kwa hiyo ni nafuu kuliko anavyoonekana. Jinsia inayosaidia ndiyo itakayozaliwa zaidi.

Emlen na Peter Wrege waliwajua wala nyuki wa eneo la Nakuru vizuri. Ndege hao huishi katika koo. Jike akipata mume huhamia kwa jamaa za mume, na ni nadra kusaidia ukoo huo mpya asio na damu nao. Kila msaidizi aliongeza wastani wa kinda 0.47 aliyefikia kuruka. Faida hiyo ni kubwa kiasi kwamba baba huweza kumsumbua mwanawe aliyeanza familia, akiziba mlango wa kiota chake hadi kijana arudi kumsaidia mzee! Kwa wadiria, Heinz-Ulrich Reyer alionyesha kwamba wasaidizi ni madume tu. Katika Ziwa Naivasha, wenye kiota waliwapokea wana wao na kuwafukuza madume wa nje; katika Ziwa Viktoria, ambako chakula kilipatikana kwa shida, hata hao wa nje walikubaliwa.

Hapo ni rahisi kuteleza. Kuona madume wengi ziwani hakuthibitishi kwamba mayai mengi yalikuwa ya madume, kwa sababu majike wanaweza kufa zaidi au kuhamia mbali. Hesabu ya kweli huanzia kwenye yai, na makinda ya spishi nyingi hayatambuliki jinsia kwa macho. Kipimo rahisi cha DNA kinachofaa kwa ndege wengi kilitangazwa mwaka 1998. Kabla yake, David na Sandra Ligon walikuwa wamehesabu makinda ya goregore Naivasha na mwaka 1990 wakaripoti kwamba majike walizidi wakati wa kuanguliwa. Lakini kwa goregore jinsia zote mbili husaidia, hivyo hoja ya malipo haitoshi. Madume ni wazito zaidi. Huenda majike ni nafuu tu, kama Fisher alivyosema.

Ushahidi mzito ulitoka Bahari ya Hindi. Katika kisiwa cha Cousin, Shelisheli, ndege mdogo aitwaye shoro (Acrocephalus sechellensis) hutaga kwa kawaida yai moja, na wasaidizi wengi ni mabinti. Jan Komdeur na wenzake walipima ubora wa kila eneo kwa kuhesabu wadudu kwenye majani. Matokeo yao ya mwaka 1997 yalishangaza: katika maeneo duni asilimia 77 ya makinda walikuwa madume, katika maeneo bora asilimia 13 tu. Sababu inaeleweka. Penye wadudu wengi binti ni mkono wa ziada. Penye uhaba ni mdomo wa ziada, heri mwana atakayeondoka. Wazazi waliohamishwa kutoka maeneo duni kwenda bora waligeuka, wakaanza kuzaa mabinti. Waliokuwa na wasaidizi wawili walizaa wana, na msaidizi alipoondolewa wakarudia mabinti. Kazi ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba uamuzi hufanyika kabla yai halijatoka kwenye ovari, si kwa kuua viinitete.

Je, hiyo ni kanuni ya ndege wote wanaolea pamoja? Mwaka 2005 uchambuzi wa Ashleigh Griffin na wenzake ulielekea kukubali: pale msaada unapoleta faida kubwa, jinsia inayosaidia huongezeka. Mwaka 2017 Nyil Khwaja na wenzake, wakiwa na spishi nyingi zaidi, hawakuona mwelekeo huo. Wasaidizi wa jinsia moja pia hushindana wao kwa wao kwa chakula na kwa urithi wa eneo, na mama anayetaga mayai kadhaa huenda hawezi kudhibiti kila moja. Shoro wa Cousin anabaki mfano wenye nguvu kuliko yote, lakini mfano mmoja wa kisiwani hautoshi kuwasemea wala nyuki na wadiria wa bara.