Mwalimu Aliyefutiwa Somo, Akawa Rais

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Tulikuwa tunamaliza kipindi cha Elimu ya Biashara alipoinua mkono akasema: "Mwalimu, mitaala inabadilishwa kila uchao. Je, ikitangazwa kesho kwamba haya uliyotufundisha hayafai tena, sisi tutakuwa tumesoma nini, na wewe utakuwa nani?" Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, ila kicheko changu kiliishia mdomoni.

Nimelitafakari swali hilo kwa muda, na leo ningependa kulijibu. Jibu lenyewe nimelipata mbali, kando ya Bahari ya Baltiki, katika nchi ndogo ya Lithuania yenye watu wasiofika milioni tatu. Nimelipata katika maisha ya Bi. Dalia Grybauskaitė, mchumi aliyeiongoza nchi hiyo akiwa rais tangu 2009 hadi 2019.

Bi. Grybauskaitė alizaliwa mjini Vilnius mnamo 1956, wakati Lithuania ilipokuwa chini ya Muungano wa Kisovieti. Babake alikuwa fundi wa umeme na dereva, na mamake alikuwa muuzaji dukani. Alipokuwa kijana alikwenda Leningrad, akafanya kazi katika kiwanda cha manyoya huku akisomea uchumi wa kisiasa katika masomo ya jioni ya chuo kikuu. Alihitimu mwaka 1983. Alirejea kwao, akafundisha katika chuo cha Chama cha Kikomunisti mjini Vilnius, na mnamo 1988 akatunukiwa shahada ya udaktari mjini Moscow.

Hebu fikiria, msomaji mpendwa, hali ya mwalimu huyo miaka miwili baadaye. Tarehe 11 Machi 1990 Lithuania ilitangaza uhuru wake. Januari 1991 vifaru vya Kisovieti vilishambulia Vilnius na raia 14 wakapoteza maisha. Kabla ya mwaka huo kwisha, Muungano wenyewe ulikuwa umesambaratika. Bei zilizopangwa na serikali, viwanda vilivyokuwa mali ya umma, mipango ya miaka mitano, yote hayo aliyoyasoma usiku baada ya kazi na kuyafundisha kwa miaka kadhaa, yakageuka kuwa historia. Kwake yeye haikuwa kazi ya kurekebisha sura mbili tatu za kitabu. Mtaala mzima ulitoweka pamoja na dola iliyouandika.

Alifanya nini? Alirudi darasani. Mwaka huo huo wa 1991, akiwa na umri wa miaka 35, alihudhuria mafunzo katika Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani, na kuanzia hapo akautumikia uchumi wa aina nyingine kabisa. Alihudumu katika wizara za nchi yake na katika ubalozi wake mjini Washington, akawa Waziri wa Fedha mnamo 2001, na Lithuania ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, akateuliwa kuwa Kamishna. Huko alikabidhiwa bajeti ya umoja mzima. Walimu watapenda kujua kwamba alilalamika hadharani kuwa fedha nyingi mno zilimezwa na ruzuku za kilimo ilhali elimu na utafiti vilipewa makombo.

Wapo waliomshuku. Wakosoaji wake hawakuacha kumkumbusha chuo cha chama alichofundisha, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Mtu anayebadilisha fundisho lake anapaswa kueleza kama amejifunza ama amefuata tu upepo. Kwangu mimi, jawabu hupatikana katika matendo ya miaka iliyofuata.

Miaka hiyo haikuwa ya raha. Msukosuko wa fedha uliotikisa dunia mnamo 2008 uliifikia Lithuania kwa kishindo. Tarehe 16 Januari 2009 waandamanaji walipambana na polisi nje ya bunge, ambalo huitwa Seimas. Katika mwaka huo mmoja pato la taifa lilipungua kwa karibu asilimia 15. Ni wakati huo Bi. Grybauskaitė alipoacha wadhifa wake Brussels, akagombea urais pasipo tiketi ya chama, na mwezi Mei akashinda katika duru ya kwanza kwa takribani asilimia 69 ya kura. Akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais wa nchi hiyo. Alipoingia ofisini, alikubali kupokea nusu tu ya mshahara wake.

Hapa sharti nitahadharishe. Wengi husimulia kana kwamba rais huyo aliuokoa uchumi kwa mkono wake mwenyewe. Sivyo. Katiba ya Lithuania humpa rais usukani wa mambo ya nje na ulinzi, na sauti katika uteuzi wa mawaziri. Bajeti ni kazi ya serikali na bunge. Ni serikali ya Waziri Mkuu Andrius Kubilius iliyopunguza mishahara ya watumishi wa umma na pensheni za wazee, na kukataa kukimbilia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kama ilivyofanya jirani yao Latvia. Rais aliiunga mkono njia hiyo chungu. Alikuwa na uwezo wa kushawishi na kuzuia, wala hakuwa na ufunguo wa hazina.

Hata kuzuia kwenyewe kulikuwa na mipaka. Mwaka 2012 alikataa kuidhinisha serikali itakayoshirikisha chama kimoja kilichokuwa kikishtakiwa kwa kuweka hesabu za siri. Hatimaye chama hicho kiliingia serikalini, ingawa rais aliwachuja mawaziri wake mmoja mmoja.

Matokeo je? Uchumi uliinuka, rais akachaguliwa tena mwaka 2014, na Januari 2015 Lithuania ikaanza kutumia sarafu ya euro. Lakini kila hesabu ina pande mbili. Mnamo 2010 ukosefu wa kazi ulifikia takribani asilimia 18, na mwaka huo zaidi ya watu 80,000 waliandikishwa kuwa wamehama nchi. Waliofunga virago walikuwa hasa vijana, na vijana hao walikuwa wanafunzi wa mtu. Mwalimu aliyewasomesha alibaki na mshahara uliopunguzwa na madawati matupu. Wakenya tuliowahi kuongozwa na hayati Mwai Kibaki, naye mchumi aliyefundisha Makerere, tunaujua mjadala huo: takwimu zaweza kupanda huku mama mboga akiuliza mbona hazijamfikia.

Hata hivyo, Walithuania hawakuchoshwa na wachumi. Mwaka 2019 duru ya pili ya uchaguzi iliwakutanisha Gitanas Nausėda, aliyekuwa mchumi wa benki, na Ingrida Šimonytė, waziri wa fedha wa enzi za msukosuko. Nausėda alishinda, na mwaka 2024 akamshinda mpinzani huyo huyo kwa mara nyingine.

Sasa namrudia mwanafunzi wangu. Mwanangu, likifutwa somo, hayafutwi yote. Bi. Grybauskaitė hakuingia Georgetown na daftari tupu. Alikwenda na mazoea ya kusoma akiwa amechoka, ya kupanga hesabu, na ya kukaa mbele ya mwalimu ijapokuwa yeye mwenyewe amekuwa mwalimu. Yaliyomo daftarini yalipitwa na wakati, lakini mazoea hayo yalimvusha.

Uliniuliza pia mimi nitakuwa nani. Swali hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu sisi walimu hupenda kuamini kwamba kujifunza ni kazi yenu. Siku mtaala wangu utakapofutwa, nitakuwa mwanafunzi. Naomba tu siku hiyo nipate moyo wa kuketi dawati la mbele, na msinicheke nikiinua mkono.