Geti jeusi katikati ya migomba

Mtumishi wa serikali akikaribia miaka 60, ukimuuliza mipango yake jibu halikawii: narudi kijijini nikapumzike. Kupumzika huko maana yake ni ukimya. Hataki honi, hataki baa ya jirani inayopiga muziki mpaka alfajiri. Kwa watu wa Tabata, tulikotoka sisi, ndoto hiyo inaeleweka kabisa. Ila anayehama na ndoto hiyo peke yake atapata taabu, na taabu yenyewe wala haitakuwa ya umeme au maji.

Umeme umefika vijiji vingi kupitia miradi ya REA, na bomba la kijiji linasimamiwa na jumuiya ya watumia maji chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019. Hayo ni mambo ya kuuliza, kulipia na kusubiri. Mstaafu yeyote anajua kusubiri.

Sisi tulihamia Rungwe, kwao mume wangu. Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Kutoka Dar ni karibu kilomita 900: Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Makambako, hadi Uyole, ambako unaiacha barabara ya Mbeya mjini na kukata kushoto kuelekea Malawi. Anayepanga safari kama hiyo ahame Agosti au Septemba. Tukuyu na jirani zake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya Dar, na Fuso lenye makabati halipandi njia ya udongo mwezi wa tatu hata dereva awe nani. Abebe na mablanketi. Friji aliache, maana baridi ya Juni na Julai inaligeuza kuwa kabati la vyombo.

Na huo ukimya? Mvua ikishuka juu ya bati, mazungumzo yanakatika katikati. Majogoo hawana ratiba. Wamoravian, walioingia Rungwe mwaka 1891, hawajachoka kuamsha watu kwa kengele. Juu ya yote kuna salamu. Hakuna anayepita njiani bila “ugonile”, na salamu hiyo unaipokea umesimama, unauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mgonjwa wa juzi. Ukiitikia huku unatembea, kabla ya jua kuzama kijiji kizima kimeshaambiana kwamba yule wa Dar ana maringo.

Jambo hili lina mizizi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Wanyakyusa wa huku pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu chake Good Company kuhusu vijiji vya marika. Vijana wa kiume wa umri mmoja walitoka kwa wazazi wao, wakajenga pamoja, wakaoa na kuzeeka pamoja. Jirani yako hakuwa ndugu wa damu, alikuwa rika lako, mtu wa kula naye na kunywa naye. Aliyejitenga ndiye aliyetiliwa shaka. Vijiji vya namna hiyo vimekwisha, lakini kula peke yako bado hakujawa tabia ya kujivunia.

Sasa nije kwenye geti. Jirani na sisi yuko mstaafu mwenzetu, mtu mwema tu, aliyezungushia nyumba yake ukuta wa tofali na kuweka geti jeusi la chuma katikati ya migomba. Mjini ukuta unazuia wezi. Hapa unazuia habari. Watu wa huku hawagongi chuma. Wanasimama mbali kidogo, wanabisha hodi, wasipoitikiwa wanaendelea na safari. Msiba ukatokea, hakujua. Ukatokea mwingine, hakujua. Waliohesabu waliohudhuria hawakuuliza habari za ukuta. Kwa maoni yangu, fedha ile ingetosha kuongeza jiko la nje lenye benchi, na hapo angepata habari zote, hata zile asizozihitaji.

Mimi nilijulikana msibani. Kikundi cha kuzikana kina daftari na mchango wake, lakini mchango mtu anaweza kuutuma hata akiwa Dar. Nilipofika hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nilipewa kisu na mkungu wa ndizi mbichi nimenye. Mbalaga, chakula cha ndizi cha huku, niliijua kwa kuila tu. Kuwamenyea ndizi watu waliojaa uwanja ni habari nyingine, na utomvu ulibaki vidoleni siku kadhaa. Jioni hiyo nikawa Mama Tanga. Muheza yangu hakuna aliyeitaka.

Kwa mtendaji wa kijiji tulikwenda mapema, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji mume wangu alikaa kimya, jambo gumu kwa mtu aliyeendesha vikao miaka yote. Mipaka ya shamba la urithi haikusubiri. Wazee wanaoikumbuka ndio mashahidi, na wakiondoka, hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huwa ngumu kupatikana bila ugomvi.

Wageni wengi wakishatulia wanakimbilia parachichi za Hass, kwa sababu zinauzwa nje. Sisi tulianza na ndizi. Nilipomuuliza mama wa nyumba ya jirani bei ya machipukizi ya migomba, alicheka, kisha akaniletea bure. Bibi wa ng'ambo ya kijito akasikia, akaja na ya kwake, akisema yale ya mwanzo ni ya ndizi za kupeleka sokoni, si za kula mtu na wanawe. Wakaanza kubishana kuhusu kina cha shimo. Mume wangu alipokohoa ili atoe maoni, tuliambiwa sote wawili tukachemshe chai.