Chungu Kizaacho Sufuria

Sufuria ipikayo ugali katika Laini Saba, Kibera, ikitoboka huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu, ikayeyushwa tena. Kazi hiyo ni nyepesi: hutaka nguvu ipatayo 5 tu katika kila 100 ya ile iliyotumika kuipata alumini mara ya kwanza. Kazi hiyo ya kwanza haifanywi Kenya. Hufanywa penginepo, kama Sohar katika Oman, ambako kiwanda kilianza kutoa alumini mwaka 2008.

Alumini hutolewa katika unga mweupe uitwao alumina, na tani 2 za unga hutoa tani 1 tu. Unga hutiwa katika matangi ambayo wenye kazi huyaita vyungu. Ndani yake mna chumvi iliyoyeyuka, yenye joto la digrii 960 hivi, na umeme mwingi hupita humo. Juu huganda gamba gumu. Zamani watu walilivunja kwa vyuma, wakamwaga unga mwingi kwa mara moja, katika joto na moshi. Siku hizi mashine hulitoboa na kuangusha kilo moja hivi kila baada ya muda mfupi.

Unga ukizidi, huzama chini kama tope. Ukipungua mno, umeme huruka ghafula kutoka volti 4 hata kupita 20, na gesi mbaya hutoka, ambazo hudumu hewani maelfu ya miaka. Basi kompyuta hukinyima chungu kidogo, kisha hukizidishia, huku ikiangalia volti zinavyopanda na kushuka. Ndivyo ijuavyo unga uliobaki bila mtu kukifunua.