Uniti, Ruzuku na Nafuu: Istilahi za Umeme wa Nyumbani

Huko Moshi, kama katika miji mingine ya Tanzania, LUKU limekwisha kuwa neno la kila siku. Watu husema "kanunue luku", ilhali asili yake ni kifupisho cha "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo". Lakini maneno yanayoandamana nalo hayajafafanuliwa vya kutosha, na hasara humwangukia mtumiaji.

"Uniti" ni kizio cha umeme, yaani kilowati-saa: nishati itumiwayo na chombo cha wati 1,000 kwa muda wa saa 1. Kwa bei za TANESCO zilizoidhinishwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani, aliye katika kundi la D1, alitozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Basi uniti 75 zilikuwa shilingi 7,500 kabla ya kodi na tozo, bali uniti 85 zilifika shilingi 11,000. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakati wa baridi ya Juni na Julai, hita ya maji ya wati 1,000 ikiwashwa dakika 20 kila siku hula uniti hizo 10 kwa mwezi.

Baadhi ya watu huiita bei hiyo "ruzuku". Neno hilo lataja msaada, lakini halionyeshi mpaka wake. Kwa maoni yetu, "nafuu yenye kikomo" yafaa zaidi, kwani humwonya mtumiaji kabla hajauvuka.