Saa nane ya usiku, telefone mkononi

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wa nyumba zetu, leo hatusemi juu ya mshahara wala juu ya hewa ya chini ya mgodi. Tunasema juu ya usingizi wa wazee wetu, na juu ya mwizi anayewangojea pale usingizi unapokatika.

Kuna mzee mmoja tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Alienda pansio miaka mitatu iliyopita. Tangu siku ile, saa nane ya usiku anaamka kama mtu anayeitwa kwenye poste. Bibi yake analala, kambi yote imenyamaza. Yeye anashika telefone, anaangalia picha na habari, ili saa zipite.

Usiku mmoja ujumbe uliingia: «Bonsoir papa, hapa ni ofisi ya pansio.» Jina lake lilikuwa sawa. Matrikule yake ilikuwa sawa. Ujumbe ulisema kuna malipo yake ya nyuma yamekwama, atume franga kidogo ya dosye, kisha atume ile kode ya namba 6 iliyoingia sasa hivi kwenye telefone yake. Mzee alituma franga. Alituma na kode. Asubuhi WhatsApp yake ilikuwa mikononi mwa mwingine, na mtu yule alikuwa anawaandikia wazee wenzake kwa jina lake: «Niko hospitali, munisaidie.» Watatu walisaidia.

Mzee hakusema kitu. Siku kumi na nne alinyamaza, juu ya haya. Feza ya dawa ilikuwa imeisha, na sasa hata ule usingizi kidogo ulimkimbia. Ni bibi yake aliyekuja kwenye ofisi ya sendika yetu. Alisema: «Baba delege, muzee wangu halalaki tena, na hasemi. Mumuulize ninyi, mimi nimeshindwa.»

Tulimuuliza. Alipotuonyesha ule ujumbe, tulijiuliza sisi kwa sisi: mwizi alipata wapi matrikule ya mzee? Jibu lilituumiza. Ilikuwa mu grupu yetu wenyewe. Sisi wa sendika tulipiga picha ya orodha ya wapansio, majina, matrikule na namba za telefone, tukaitupa mu grupu yenye watu zaidi ya mia mbili, na wengine hatuwajui hata sura. Tulitaka kusaidia watu wasifanye safari ya bure. Tulifungua mlango wa nyumba ya wenzetu.

Kwa nini mchimbaji wa zamani halali

Kwanza tusiwacheke wazee. Mtu aliyefanya miaka makumi mawili au makumi matatu ya poste tatu, wiki moja asubuhi, wiki moja mchana, wiki moja usiku, mwili wake umefundishwa kuamka pale wengine wanalala. Ndani ya mwili kuna kama saa inayofuata mwangaza wa jua. Sisi tuliivuruga ile saa kwa kazi ya usiku, na siku ya pansio haijirudishi yenyewe.

Tena umri unaleta yake. Mtu akizeeka, usingizi wake unakuwa mwepesi, anasinzia mapema na anaamka mapema, na mwili unatoa kidogo ile dawa yake ya asili ya kulalisha, melatonini. Wanganga wa usingizi wanasema mtu aliyepita miaka 65 anahitaji masaa 7 mpaka 8. Kuamka mara moja usiku na kurudia kulala si ugonjwa.

Lakini kuna vitu vya kupeleka kwa munganga, si vya kuvumilia: kikohozi kinachokatisha usingizi, zaidi kwa wale waliokula vumbi ya mawe, kukoroma kwa nguvu mpaka pumzi inasimama, kwenda kukojoa mara nyingi kila usiku, huzuni isiyoisha tangu kazi iliisha. Na vile vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya munganga, tuviache. Mwili unavizoea, na mzee anaweza kuanguka usiku na kuvunjika mfupa.

Kwa wengine, hizi ni njia zisizoomba franga:

Kuamka saa moja ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na kutoka nje kupata jua ya asubuhi. Jua njo inapanga upya ile saa ya ndani.

Kulala mchana kidogo tu, dakika 30 zinatosha, na si karibu na jioni.

Chai nzito na kahawa ziishe kabla ya mchana kupita. Na lutuku na bière zisiitwe dawa: zinamlalisha mtu haraka, kisha zinamwamsha katikati ya usiku.

Usingizi ukikataa, usipigane nao kitandani. Simama, kaa kwenye kiti pahali pengine, taa ndogo, mpaka macho yalegee.

Na telefone ilale chumba kingine. Mwangaza wake unaudanganya mwili kwamba kumekucha, na habari zake zinachochea moyo. Tena saa ile mtu hana mtu wa kumuuliza shauri. Mwizi anajua ile.

Kufuli yako, ufunguo wako

Wote waliofanya kazi na mashini wanajua sheria moja. Kabla fundi hajaingiza mkono ndani ya mashini, anakata umeme, anafunga na kufuli yake mwenyewe, na ufunguo anautia mufukoni mwake. Hamwachii rafiki, hamwachii hata mkubwa wa kazi. Kama mafundi ni wanne, kufuli ni nne. Hakuna aliyesema ile ni kiburi au kukosa kuaminiana. Tulijua ni juu ya uhai.

Namba ya siri ya M-Pesa, ya Airtel Money, ya Orange Money, ni ule ufunguo. Kode ya namba 6 inayoingia kwa ujumbe ni ule ufunguo. Mtu wa kweli wa kampuni hana kazi nayo. Anayeiomba ni mwizi, hata kama anajua jina lako, jina la bibi yako na mgodi ulikofanyia kazi. Kujua jina lako si alama ya ukweli. Jina lako linatembea mu grupu nyingi.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wa nyumba wakae na wazee wao siku moja, mchana, na kufanya hivi pamoja. Ndani ya WhatsApp, fungua Paramètres, kisha Compte, kisha Vérification en deux étapes, uweke namba yako ya siri. Pale pa Confidentialité, picha yako na habari zako zionekane na watu unaowajua tu. Na kijana akimaliza, mzee achague namba mwenyewe. Si mwaka wa kuzaliwa, si 1234.

Karata ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, karatasi ya CNSS, picha ya matrikule: visiwekwe mu grupu hata moja. Ukiombwa, peleka karatasi ofisini kwa mkono. Na tukumbuke: ofisi haifanyi kazi saa nane ya usiku.

Kama kosa limekwisha kufanyika, usifute ule ujumbe. Pigia kampuni ya telefone wazuie akonti, badilisha namba ya siri, waambie watoto na wenzako mara moja wasitume kitu, kisha peleka mashtaka. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu iko na Code du numérique, na ndani yake kuna sehemu juu ya kulinda habari za mtu binafsi na juu ya wizi wa njia hii. Kunyamaza ndiko kulikowafanya wale wazee watatu wapoteze yao. Mzee wetu angalisema asubuhi ile, wangalipona.

Sisi tumebadilisha nini

Tulifuta ile orodha, lakini tunajua picha iliyotoka hairudi. Tulienda kwa mzee, tukaomba msamaha mbele ya bibi yake. Tulienda na kwa wale watatu. Sasa orodha inabandikwa ukutani mwa ofisi, matrikule peke yake bila jina wala namba ya telefone, na kila mtu anajua yake. Mu grupu tunaandika tu: «Orodha imefika, mukuje kuangalia.» Kuna waliolalamika, juu ya franga ya transpor. Wako na haki. Kwa wale wa mbali, delege anapiga telefone mchana, mtu kwa mtu, kwa sauti wanayoijua.

Na mzee? Angali anaamka saa nane mara na mara. Telefone yake inalala kwenye chumba cha wageni, juu ya kabati. Yeye anakaa kidogo kwenye kiti, kisha anarudi kulala. Bibi yake alituambia: «Sasa akiamuka, ananisemesha mimi.»

Wandugu, tulikubaliana neno moja na wazee, na tunaliomba lifike kila nyumba: usiku hatumjibu mtu. Asubuhi tunaulizana.